Mikorosho Tu? Siku ya Polepole Kati ya Mtwara na Tandahimba

Bwana Shamba Anajibu: maswali ya wasomaji wa Kusini

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini, kwetu ni Hombolo, Dodoma. Mwishoni mwa Oktoba mama yangu anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Ni mtu wa shamba la zabibu tangu ujana wake. Magoti yanamsumbua, lakini kushinda ndani hawezi. Nataka Jumamosi moja nimtembeze mashambani taratibu, aone watu wa huku wanavyoishi na zao lao, kama sisi tunavyowatembeza wageni kwetu wakati wa kuvuna zabibu. Shemeji amekubali kutupa gari, na wanangu wawili watakuwepo. Kila ninayemuuliza ananiambia nimpeleke ufukweni, eti huko juu ni mikorosho tu. Kweli hakuna cha kumwonyesha? (Mwalimu, Shangani)

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amfikishe bi mkubwa salama.

Hilo neno "mikorosho tu" limeniuma, na limeniuma zaidi kwa sababu najua linasemwa na watu waliosomeshwa kwa korosho. Ada, mabati ya nyumba, mahari, kitanda cha hospitali: katika uwanda wa Makonde vyote hivyo vimetoka chini ya mti huo mmoja. Mama yako ni mkulima. Ukimshusha chini ya mkorosho uliokomaa, ukampa kigoda na mtu wa kuzungumza naye, atakuuliza maswali mpaka jua lizame.

Wakati umepatia. Mikorosho huku hutoa maua kuanzia katikati ya mwaka, na Oktoba ndipo mavuno yanakolea na minada inaanza. Mwishoni mwa mwezi mabibo, vile vikonyo vinene vyenye maji vinavyobeba korosho, yamejaa chini, mekundu na ya njano, harufu yake unaisikia kabla hujashuka garini. Mvua bado. Ukisubiri Desemba utakuta wenyeji wana haraka, maana korosho ikinyeshewa ubora wake unashuka, na mgeni anakuwa mzigo.

Sasa niseme jambo ambalo watu wengi hawapendi kulisikia: usiende Newala. Najua utaambiwa habari za Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na unaona bonde la Ruvuma lote chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Ni pazuri kweli. Lakini kwenda na kurudi kwa siku moja, na mtu mwenye magoti mabovu, maana yake ni kukaa garini siku nzima, kushuka, kupiga picha, kupanda tena. Mashamba yote yatapita dirishani. Newala iwekeni kwa safari ya kulala. Siku hii moja ishieni Tandahimba, na hata msipofika Tandahimba si neno.

Ondokeni alfajiri, baada ya chai. Barabara ni ile ya Naliendele, Nanyamba, Tandahimba, Newala, hadi Masasi, kilomita 210 kwa jumla. Kipande cha kwanza cha kilomita 50, mpaka Mnivata, ni lami. Kuanzia hapo barabara imekuwa katika ujenzi, kwa hiyo tarajieni vumbi na michepuko, na dereva asiwe na papara. Mwambie mama asitafute mlima. Uwanda wa Makonde ukitokea pwani unapanda kidogo kidogo bila kuonekana, na mtu anajua amepanda kwa upepo tu, unavyobadilika na kuwa mwepesi.

Naliendele ni karibu sana na mjini, na watu wanaipita bila kugeuza shingo. Pale ndipo kilipo kituo cha utafiti wa korosho, sasa kiko chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Jumamosi si siku ya ofisi, kwa hiyo pita wiki hiyo hiyo uombe kama kuna mtu wa kuwapokea, au mpeleke mama Ijumaa asubuhi peke yake kabla ya siku yenyewe. Atakachokipenda pale ni miche ya kubebeshwa, yaani kijiti cha mti mzuri kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Mkorosho wa mbegu ulikuwa ukimchelewesha mtu miaka kabla hajaona kitu cha maana, na hakujua utazaa vipi. Huu wa kubebeshwa unaanza kuzaa mapema, ni mfupi, na tabia ya mama yake unaijua. Mtu aliyeshika kisu cha kupogolea mizabibu ataelewa kazi hiyo kwa kuitazama.

Njiani mwambie historia kidogo, lakini usimchoshe. Mkorosho kwao ni Brazili, Wareno ndio walioueneza pwani hii. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya karanga, ule mpango mkubwa wa Waingereza ulioachwa mwaka 1951, na reli iliyokwenda Nachingwea iling'olewa baadaye. Karanga zikashindwa, korosho ikabeba. Na korosho nayo ilianguka: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000, na katikati ya miaka ya 1980 ikashuka chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijijini, mashamba yakabaki mbali na mwituni, bei ikawa haimtii mtu moyo, kisha ukaja ubwiriunga. Ubwiriunga ni ule ukungu mweupe unaopaka machipukizi na maua kama mtu amemwaga unga, na ua likishapakwa halifungi korosho. Mimi nimetembea mashamba ambayo mwenyewe alikuwa anakata mti aufanye mkaa, akilia. Salfa, ile dawa ya unga inayopuliziwa mikorosho, ndiyo iliyorudisha miti ile, pamoja na kazi ya watu wa Naliendele. Kwa hiyo ukiona mkorosho mnene wa zamani, matawi yamelala mpaka chini, ujue huo umepitia yote hayo na kuna mtu aliyekataa kuukata.

Kutafuta shamba la kushuka ni jambo la adabu kuliko la ramani. Usisimamishe gari popote ukaingia. Kama una mwalimu mwenzako aliyetoka Nanyamba au Tandahimba, mwombe akutangulizie salamu kwa wazee wake. Utakuwa na pa kushukia, na watu wako watapewa mkeka. Kama huna, simamisheni kijijini, muulizeni mwenyekiti wa kitongoji. Mkifika, mama aende mbele. Mwanamke mzima akibisha hodi na kusema "nimetoka Dodoma, na mimi ni mkulima, nimekuja kuona kazi yenu", hakuna nyumba ya Kimakonde, ya Kimakua wala ya Kiyao itakayomfungia. Mpelekee mwenyeji kitu: sukari, sabuni, majani ya chai. Na bebeni maji yenu ya kutosha. Juu ya uwanda ule mchanga unameza mvua yote, mito haipo, na kwa miaka mingi akina mama walikuwa wanashuka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Kumwomba mtu wa pale maji ya kunawishia watoto wawili ni kuomba kitu kikubwa.

Chini ya mti mtaona ardhi imefyekwa na kufagiwa, safi. Hiyo ni kazi iliyofanywa kabla ya msimu ili korosho ikianguka ionekane. Korosho haichumwi, inaachwa idondoke yenyewe pamoja na bibo lake, ndipo inaokotwa na kunyofolewa. Mwonyeshe mama tawini: korosho hukua kwanza, inafikia ukubwa wake ikiwa kijani, na bibo lenyewe huvimba katika wiki za mwisho. Watoto wengi wa mjini wanadhani bibo ndilo tunda na korosho imeota mkiani kwa bahati.

Watoto wako waonje mabibo, na wewe pia. Lichaguliwe lililoanguka asubuhi hiyo, halijapasuka, lisuguliwe chumvi kidogo, lifyonzwe huku limeinamishwa mbele. Maji yake yakigusa nguo, doa halitoki, kwa hiyo wavaeni nguo za kuchezea. Yanakereketa koo kidogo na hilo ni la kawaida. Vitamini C yake inapita ya chungwa mara kadhaa. Lakini wafundisheni sharti hili kabla hamjashuka garini: bibo utapewa ule ushibe, korosho yake iache chini ya mti wa mwenyewe. Ile ni fedha ya mtu. Hata moja usitie mfukoni.

Ombeni pia mchomewe korosho, maana hiki ndicho mama yako hajakiona. Moto wa mafiga matatu, juu yake bati kuukuu lililotobolewa matundu kwa msumari. Korosho zinatiwa na maganda yake. Anayechoma hukaa upande unakotoka upepo, mkononi ana fimbo ndefu, na haachi kukoroga. Kwanza maganda yanatoa mafuta meusi, yanachemka pembeni, moshi mzito unapanda. Halafu mafuta yanashika moto na bati zima linawaka. Hapo ndipo penye ujuzi: ukiwahi kuipua ndani ni mbichi, ukichelewa ni mkaa. Mwenye kujua hulipindua bati kwa ile fimbo, korosho zinamwagika mchangani, anazifukia, moto unakufa, na mchanga unanyonya mafuta yaliyobaki. Zikipoa, kila mtu anachukua jiwe na kipande cha gogo. Unasimamisha korosho kwa ubavu wake, unagonga mara moja kwenye mshono, ganda linafunguka na korosho inatoka nzima. Wageni hugonga katikati na kupata vipande.

Watoto wakae mbali wakati wa kuchoma. Mafuta yale ya ganda yanaunguza ngozi, yanatoa malengelenge, na moshi wake unawasha macho. Wasing'ate korosho mbichi kwa meno hata kwa mchezo. Mikono ya anayebangua hupakwa jivu kwanza, na wao wapakwe kama watataka kujaribu zile zilizokwisha poa.

Chakula kuleni hapo hapo au kwa mama ntilie Tandahimba. Mkibahatika mtapata ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa korosho mbichi za kutwanga mahali pa nazi. Sijui mboga inayoshinda hiyo, na ninasema hivyo nikiwa nimekula kisamvu cha mikoa mingi. Barabarani nunueni ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, mle kwa chumvi na pilipili. Haina haraka, inatafunwa taratibu huku mnazungumza.

Mkikuta ghala la chama cha msingi cha ushirika limefunguliwa, simameni kidogo kwa mbali. Mtaona magunia ya juti yanapimwa na mzigo kuwekwa kwa madaraja. Mkulima hapokei fedha hapo, anapata stakabadhi na kusubiri mnada. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara mwaka 2007, na una watetezi wake na wanaoulalamikia. Mama atataka kujua kila kitu, kwa sababu zabibu zao hazingoji ghalani. Jambo jingine atakaloliwaza ni hili: kwao Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, huku mkorosho ni mara moja. Mwaka mzima wa nyumba unaning'inia kwenye wiki hizi chache. Ndiyo maana ukikuta watu hawana nafasi ya kukaa na wewe, usinune. Salimia, endelea mbele.

Saa tisa geuzeni gari. Giza lisiwakute kwenye michepuko.

SWALI: Babu, sisi tuko Lindi mjini. Nasi tungependa siku ya mashamba lakini Mtwara ni mbali na gari letu halipendi vumbi. Kuna njia? (Wanandoa wapya, Lindi)

JIBU: Ipo, tena ya lami. Shukeni mpaka Mnazi Mmoja pale Mingoyo, mshike barabara ya Masasi: Mtama, Nyangao, hadi Ndanda. Kushoto mtakuwa mnautazama uwanda wa Makonde mkiwa chini yake, ukuta mrefu wa kijani, na mtaelewa kwa nini watu wa juu na watu wa bondeni wana maisha tofauti. Ndanda kuna misheni ya Wabenediktini tangu 1906 na maji ya chemchemi yanayotoka mlimani, kitu adimu upande wetu huu. Pumzikeni hapo, mle, mrudi. Mtama ndipo pa kushuka kwenye mikorosho, na mbaazi pia kama bado zipo shambani. Yale niliyomwambia Mwalimu kuhusu adabu na maji yanawahusu na ninyi. Hongereni kwa ndoa.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina wageni wanaopenda mvinyo. Nimesikia mabibo yanatoa mvinyo, uraka na gongo. Niwapeleke wapi waonje, na je, naweza kuwabebea chupa ya gongo kama zawadi? (Kijana wa Chikongola)

JIBU: Marahaba. Gongo usibebe. Kutengeneza, kuuza na kuwa nayo ni kosa kisheria, na mbali na sheria hakuna anayepima kilichomo ndani ya ile chupa. Nimezika watu kwa ajili yake, na sitalizungumza kwa wepesi.

Uraka ni jambo jingine. Ni maji ya mabibo yaliyotwangwa na kukamuliwa, yakaachwa yachachuke yenyewe. Asubuhi ni matamu, karibu na juisi, watoto wanaweza kupewa yakiwa yametoka kukamuliwa. Kesho yake ni pombe, kesho kutwa ni kali. Huendelea kuchacha hata ndani ya chupa, kwa hiyo ukikaza kifuniko na kuiweka kwenye gari la moto itapasuka. Anayetaka kuonja aonje pale pale kijijini, kwa mwenyeji anayemwamini, na dereva asiguse.

Mvinyo wa mabibo upo. Naliendele wamekuwa wakifundisha vikundi vya akina mama kutengeneza mvinyo, juisi na jemu, na kazi hiyo naipigia debe kwa moyo wote, kwa sababu sehemu kubwa ya mabibo yetu inaozea chini ya mti kila mwaka. Hebu fikiria: kwa kila korosho moja kuna bibo zima, lenye uzito mara nyingi zaidi ya korosho yenyewe, na tunalitupa. Ugumu wake ni kwamba bibo halikai, likianguka leo kesho limeharibika, na ule ukakasi lazima utolewe kwanza. Ulizia hapo kituoni ni vikundi gani vinauza msimu huu. Wageni wako wasitarajie ladha ya zabibu za Dodoma. Bibo lina harufu yake nzito, na atakayelionja bila kulilinganisha na kitu kingine atalipenda.

SWALI: Mzee, ndugu zangu wa Dar wakija huwa wanataka kununua gunia la korosho moja kwa moja kwa mkulima shambani, wanasema ndiyo kumsaidia. Wakulima wengine wako tayari. Kuna ubaya? (Mama Asha, Nanyamba)

JIBU: Upo, mama Asha, na wewe unaujua kwa jina: kangomba. Korosho ghafi, yaani yenye ganda, inauzwa kupitia chama cha msingi na mnada. Kununua nje ya hapo ni kuvunja sheria, na ndugu zako wakikutwa na gunia hilo kwenye kizuizi watalipoteza na kesi juu. Lakini hata bila kizuizi ningewakataza. Anayekubali kuuza gunia shambani Oktoba mara nyingi ni mwenye mgonjwa ndani au deni la salfa, na bei anayopewa ni ya mtu aliyebanwa. Hapo hajasaidiwa.

Wanunue korosho karanga, zilizokwisha banguliwa, kwa vikundi vya akina mama wanaobangua. Hapo fedha inabaki kijijini na kazi ya mikono inalipwa. Wachague zilizo nyeupe mpaka rangi ya maziwa, zisizo na madoa wala harufu ya mafuta ya zamani. Waonje moja: ikivunjika kwa sauti ni kavu, ikipinda imekula unyevu na itaota ukungu kabla haijafika Ubungo. Wasipokee zilizofungwa zikiwa bado za moto. Nyumbani waziweke kwenye chombo kinachobana, mbali na jiko, na kama ni nyingi nusu iingie friza. Za kuchoma na chumvi waziombe zichomwe siku ile ile ya safari.